Wagombea urais hawakuvutii? Kwanza fahamu kura yako inavyohesabiwa

WAPIGA KURA wa Kenya wanatarajiwa debeni Jumanne, Agosti 10, 2027, kwa mujibu wa Katiba inayotaka uchaguzi mkuu ufanywe Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Miongoni mwao watakuwamo wengi ambao, kama ilivyokuwa 2022, hawataona kwenye karatasi ya urais jina hata moja wanalolitaka kwa moyo mkunjufu.

Uchaguzi huo ndio wa kwanza tangu kifo cha Raila Odinga, aliyefariki Oktoba 15, 2025, na ambaye aliwania urais katika chaguzi kuu tano: 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022. Kwa miaka mingi wapiga kura wengi waliamua kwa kujiuliza kwanza kama walikuwa naye au dhidi yake. Kigezo hicho sasa hakipo, na waliokuwa wakikitegemea, wa pande zote mbili, watalazimika kutafuta kingine.

Mtu asiyevutiwa na mgombea yeyote ana njia kadhaa mbele yake. Anaweza kubaki nyumbani. Anaweza kwenda kituoni na kutumbukiza karatasi tupu, au kuichora alama kwenye kila jina. Anaweza kumpa kura mgombea asiye na nafasi ya kushinda. Anaweza pia kumeza machungu na kumchagua yule anayemwona ana nafuu. Kila anayefuata mojawapo ya njia hizi huamini kwamba ametuma ujumbe. Tatizo ni kwamba sheria ya Kenya huusoma ujumbe huo tofauti kabisa na alivyokusudia aliyeutuma.

Nusu ya nini?

Kifungu cha 138 cha Katiba ya 2010 kinasema mshindi wa urais sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, wawili walioongoza hurudi debeni ndani ya siku 30. Katika duru hiyo ya pili hakuna sharti la nusu wala la robo. Mwenye kura nyingi ndiye rais.

Maneno yaliyozua utata ni hayo ya "kura zote zilizopigwa". Je, karatasi iliyotumbukizwa sandukuni ikiwa tupu, au ikiwa imewekwa alama kwa watu wawili, ni kura iliyopigwa?

Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilikuwa imejumuisha karatasi 108,975 zilizokataliwa katika hesabu ya asilimia. Kwa hesabu hiyo Uhuru Kenyatta alikuwa na kura 6,173,433 kati ya 12,330,028, sawa na asilimia 50.07. Alikuwa ameivuka nusu kwa takriban kura 8,400 tu, idadi ambayo haiwezi kuujaza hata uwanja mmoja wa mpira jijini Nairobi.

Mnamo Machi 30, 2013 majaji walitupilia mbali kesi za kupinga ushindi wake. Kuhusu suala hili walishikilia kwamba kura iliyokataliwa si kura, na haina nafasi katika kukokotoa asilimia. Karatasi hizo zikiondolewa, kura zile zile za Uhuru zinakuwa asilimia 50.51.

Maana yake kwa mwananchi wa kawaida huonekana vyema zaidi kwa idadi ndogo. Chukulia eneo lenye watu 100, ambapo 48 wanamtaka mgombea wa kwanza, 44 wanamtaka wa pili, na wanane hawamtaki yeyote kati ya hao wawili. Wanane hao wakibaki nyumbani, kura halali ni 92, na zile 48 za mgombea wa kwanza ni zaidi ya asilimia 52. Ameshinda. Wakienda kituoni na kuziharibu karatasi zao kwa hasira, matokeo ni yale yale: kura halali ni 92, naye ameshinda. Lakini wakimpa mgombea wa tatu, hata kama hana matumaini yoyote, kura halali zinakuwa 100, mgombea wa kwanza anabaki na asilimia 48, na uchaguzi unakwenda duru ya pili.

Kwa maneno mengine, mbele ya sheria, aliyepanga foleni tangu alfajiri ili akaiharibu karatasi yake na aliyelala hadi saa nne hawana tofauti yoyote. Aliyempigia mgombea mdogo ndiye pekee kati ya hao watatu ambaye kukataa kwake kumehesabiwa.

Mfano wa 2022

Uchaguzi wa Agosti 9, 2022 ulikuwa na wagombea wanne. Wawili wakuu waliwaweka wapiga kura wengi njia panda. William Ruto alikuwa naibu rais wa serikali iliyokuwa ikiondoka madarakani, ingawa alifanya kampeni kama mpinzani wake. Raila, aliyejulikana kwa miongo kadhaa kuwa kinara wa upinzani, aliungwa mkono na Rais Uhuru Kenyatta, mkuu wa serikali hiyo hiyo, kufuatia maridhiano yao ya Machi 9, 2018. Aliyekuwa amechoshwa na serikali hiyo na akitaka mtu asiyehusiana nayo alilazimika kutazama sehemu ya chini ya karatasi.

Huko chini kulikuwa na wawili. David Mwaure Waihiga wa chama cha Agano alikuwa wakili na mhubiri. George Wajackoyah wa chama cha Roots aliahidi kuhalalisha kilimo cha bangi, kufuga nyoka na kuuza nje korodani za fisi, na mikutano yake ilijaa vicheko. Baadhi ya waliocheka walimpigia kura wakijua fika hatakuwa rais.

Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, naye Raila akapata 6,942,930, sawa na asilimia 48.85. Wajackoyah alipata 61,969 na Waihiga 31,987. Kura 113,614 zilikataliwa. Katika sajili ya wapiga kura 22,120,458, watu takriban milioni 7.8 hawakupiga kura. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 65, ilhali Agosti 2017 walikuwa karibu asilimia 79.

Ukizikokotoa takwimu hizo kwa kanuni ya 2013 unapata jambo ambalo halikuzungumzwa sana wakati huo. Ili Ruto asiivuke nusu, kura zake zikibaki zile zile, zilihitajika kura halali 139,255 zaidi kwa wagombea wengine, yeyote kati yao. Idadi hiyo ni chini ya asilimia mbili ya wale ambao hawakwenda vituoni.

Ikumbukwe kwamba si wote hao walikuwa wamesusia. Wapo waliokuwa safarini, wapo wagonjwa, na sajili yenyewe haikosi majina ya waliokwisha kufa. Wala haina maana kwamba wangekuwa upande mmoja; wangejitokeza wote, wengine wangemwongezea Ruto kura vile vile. Hesabu hii inaonyesha jambo moja tu, kwamba kundi dogo sana la watu wasiomtaka yeyote lilikuwa na uwezo wa kuirudisha nchi debeni, na kwamba karatasi zilizokataliwa, hata zingekuwa mara kumi ya zile, zisingeweza kufanya hivyo.

Jambo lingine linalowapita wengi ni kwamba, katika kumzuia anayeongoza asiivuke nusu, kura ya Wajackoyah ilikuwa na uzito sawa na kura ya Raila. Ile kauli kwamba kumpigia mgombea mdogo ni "kupoteza kura" ina ukweli katika mfumo ambao mshindi ni mwenye kura nyingi tu. Katika duru ya kwanza ya Kenya, kwa sehemu kubwa, si kweli.

Mfumo huo mwingine uko jirani. Tanzania, tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000, humtangaza kuwa rais mgombea aliyepata kura nyingi kuliko mwingine yeyote, bila sharti la nusu. Huko kura ya mgombea mdogo haiwezi kuleta duru ya pili kwa sababu duru hiyo haipo. Aidha, katika uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 chama kikuu cha upinzani, Chadema, hakikuwamo kwenye karatasi kabisa. Mtu ambaye mgombea wake ameondolewa ana swali zito zaidi kuliko la mtu asiyevutiwa na waliopo, na mahesabu ya asilimia hayamsaidii sana.

Hatari ya kura ya hasira

Hata hivyo, kura kwa mgombea mdogo si salama wakati wote. Waliojifunza hilo kwa uchungu ni wapiga kura wa mrengo wa kushoto nchini Ufaransa.

Aprili 21, 2002 Wafaransa walikuwa na wagombea 16 katika duru ya kwanza. Rais Jacques Chirac na Waziri Mkuu Lionel Jospin walikuwa wameongoza serikali pamoja kwa miaka mitano, na wengi waliona hawana tofauti kubwa. Kila mtu alikuwa na hakika kwamba hao wawili ndio watakaokutana duru ya pili, kwa hiyo wafuasi wa kushoto waliona hakuna ubaya kumwadhibu Jospin kidogo kwanza. Kura zao zikatawanyika kwa wagombea wadogo wa mrengo huo huo, na wengine wasiende kabisa. Zaidi ya robo ya waliosajiliwa hawakupiga kura.

Matokeo yalimpa Chirac asilimia 19.88 na Jospin 16.18. Katikati yao aliingia Jean-Marie Le Pen wa chama cha Front National, mwenye siasa kali za mrengo wa kulia, akiwa na asilimia 16.86. Jospin aliachwa nyuma ya Le Pen kwa kura takriban 195,000. Christiane Taubira, mmoja wa wagombea wadogo wa kushoto, peke yake alikuwa na kura zaidi ya 660,000.

Majuma mawili baadaye, Mei 5, watu waliokuwa wakimpinga Chirac maisha yao yote walikwenda kumpigia kura. Wapo waliosema hadharani kwamba wangeenda wakiwa wamevaa glavu au wamebana pua kwa kibanio cha nguo. Chirac alipata asilimia 82.21. Mwezi uliofuata mrengo wake ukapata wingi mkubwa bungeni, na akatawala kama mtu wa mrengo wa kulia, jinsi alivyokuwa siku zote. Waliomwokoa hawakuwa wamempa sharti lolote.

Tofauti kati ya Ufaransa ya 2002 na Kenya ya 2022 ni idadi ya wagombea wenye uzito. Wawili wanapoiacha mbali sana safu nyingine, kura ya mgombea mdogo haiwezi kumtoa mmoja wao katika nafasi mbili za juu. Inachoweza kufanya ni kulazimisha duru ya pili tu. Wanapokuwa watatu au wanne wanaokaribiana, kura ya hasira yaweza kumwondoa yule ambaye mpiga kura mwenyewe angemhitaji baadaye. Kwa hiyo anayekusudia kumpa kura mgombea mdogo mwaka 2027 atapaswa kwanza kutazama mbio zenyewe zina farasi wangapi, jambo ambalo kwa kawaida hujulikana wiki za mwisho za kampeni, wala si siku ya kuidhinishwa kwa wagombea.

Kususia kuna masharti yake

Wapo wanaoamini kwamba watu wengi wakikaa nyumbani mshindi atakosa uhalali. Kenya imelijaribu hilo kwa kiwango kikubwa. Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa Agosti 8, 2017, marudio yalipangwa Oktoba 26. Raila alijiondoa Oktoba 10 akidai tume haikuwa imefanya mageuzi, na akawataka wafuasi wake wasishiriki. Katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kura hazikupigwa. Nchini kote waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 39.

Uhuru alitangazwa mshindi kwa asilimia 98.26. Novemba 20 Mahakama ya Juu iliidhinisha ushindi huo, na Novemba 28 akaapishwa. Sheria ya Kenya haina kiwango cha chini cha watu wanaopaswa kujitokeza ili uchaguzi wa rais uwe halali.

Haifai kusema, hata hivyo, kwamba susio lile halikuwa na matunda. Shinikizo lililofuata, pamoja na hatua ya Raila kujiapisha Januari 30, 2018, ndilo lililotangulia maridhiano ya Machi mwaka huo. Lakini susio lile lilikuwa na kiongozi, lilikuwa na madai yanayojulikana na lilishika maeneo yote ya kaunti kadhaa. Mtu mmoja mmoja anayebaki nyumbani Umoja au Nyali kwa sababu amechoka hasusii kwa namna hiyo. Hakuna anayeweza kutofautisha hasira yake na uvivu wa jirani yake, na wanasiasa, ambao hupanga kampeni kwa kufuata orodha ya maeneo yanayojitokeza kwa wingi, huwa na sababu moja zaidi ya kutomtafuta.

Kwingineko wenye kukataa wametengewa nafasi yao rasmi. India, kwa amri ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2013, huweka chini ya majina kitufe cha asiyemtaka yeyote. Katika jimbo la Indore mwaka 2024, baada ya mgombea wa Congress kujitoa, kitufe hicho kilipata kura zaidi ya 218,000; aliyeshika nafasi ya kwanza alitwaa kiti vile vile, kwa sababu sheria haikipi kitufe uwezo wa kumzuia mtu. Colombia imekwenda mbali zaidi: kura tupu zikiwa zaidi ya nusu ya kura halali, uchaguzi hurudiwa, na wagombea walewale wa kiti hicho hawaruhusiwi kurudi. Nchini Indonesia, katika chaguzi za mitaa zenye mgombea mmoja, hushindanishwa naye kisanduku kitupu, na mwaka 2024 kisanduku hicho kilishinda katika mji wa Pangkalpinang na wilaya ya Bangka.

Karatasi ya Kenya haina kisanduku cha namna hiyo. Kanuni za uchaguzi zinaitupa nje karatasi isiyo na alama, yenye alama kwa zaidi ya mtu mmoja, au iliyoandikwa kitu kinachoweza kumtambulisha aliyeipiga. Karani huinyanyua mbele ya mawakala, huiweka kando, na idadi yake hujazwa kwenye fomu. Ujumbe ulioandikwa juu yake, hata uwe umetungwa kwa ufundi gani, hauendi kokote. Aliyekosea kwa bahati mbaya kabla ya kutumbukiza yuko katika hali tofauti: anaweza kumrudishia msimamizi wa kituo karatasi iliyoharibika na kupewa nyingine.

Nusu shari

Inabaki njia ya mwisho, ya kumchagua mtu usiyempenda. Wahenga walikwisha kusema heri nusu shari kuliko shari kamili, na viongozi wa dini wamekuwa wakisema karibu na hayo. Septemba 2024, akiulizwa kuhusu Wakatoliki wa Marekani waliotakiwa kuchagua kati ya Donald Trump na Kamala Harris, Papa Francis aliwakosoa wote wawili, kisha akasema watu wapige kura kwa kuchagua uovu ulio mdogo, kila mmoja kwa dhamiri yake. Yeye hakutaja ni upi. Katika fiqhi ya Kiislamu nako kuna kanuni inayojulikana sana ya kubeba dhara iliyo nyepesi ili kuepuka iliyo nzito.

Wapo wasioridhika na hoja hiyo, nao wana haki ya kusikilizwa. Kwao kura ni ahadi, na kuweka alama mbele ya jina la mtu unayemwona mwizi ni kushiriki wizi wake. Tena kuchagua nafuu kila baada ya miaka mitano kumewafundisha wanasiasa kwamba hawana haja ya kuwa wazuri, mradi mpinzani aonekane mbaya zaidi. Hoja ya pili ndiyo nzito. Jibu lake halipatikani katika duru ya pili, ambapo wamebaki wawili na mmoja wao atakuwa rais hata iweje. Linapatikana mapema, kwenye kura za mchujo za vyama, kwenye kukusanya saini za mgombea binafsi, na kwenye duru ya kwanza.

Kwa anayekubali kuchagua nafuu, kosa la kawaida ni kuendelea kutumia vipimo vya mapenzi: nani anaongea vizuri, nani anaonekana mnyenyekevu, nani anatoka kwetu. Mgombea asiyependwa hupimwa kwa mambo makavu zaidi. Mojawapo ni hili: iwapo rais ajaye atakuwa mtu ambaye mpiga kura atampinga kwa miaka mitano, ni yupi kati ya waliopo atakayestahimili kupingwa? Ametii amri za mahakama zilizokuwa dhidi yake? Alipokuwa na madaraka, aliwatendea vipi waandishi wa habari na waandamanaji? Alipoahidi kuachia wadhifa, aliuachia? Rekodi ya mtu kuhusu mambo haya huwa hadharani muda mrefu kabla ya manifesto kuchapishwa.

Jambo la pili ni mgombea mwenza, ambaye huchaguliwa kwa kura ileile lakini watu humtazama kidogo. Machi 2021 John Magufuli alifariki, na siku mbili baada ya tangazo la kifo chake Tanzania ilikuwa na rais mwingine, Samia Suluhu Hassan, ambaye jina lake lilikuwa la pili kwenye tiketi ya 2020. Katiba ya Kenya ina utaratibu kama huo: naibu hushika nafasi kwa kipindi kilichosalia. Naye naibu mwenyewe anaweza kubadilishwa bila wananchi kuulizwa tena, kama ilivyotokea Oktoba 2024 Seneti ilipomwondoa Rigathi Gachagua na nafasi yake kuchukuliwa na Kithure Kindiki.

La tatu, ambalo pengine ndilo lenye faida kubwa zaidi, ni kwamba mpiga kura wa Kenya hapewi karatasi moja. Hupewa sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake wa kaunti na mwakilishi wa wodi. Kila moja huhesabiwa peke yake. Anayeiacha ile ya urais tupu bado kura zake nyingine tano ni halali. Anayebaki nyumbani kwa kuwachukia wagombea urais amezitupa zote sita.

Uzito wa zile tano ulionekana Juni 25, 2024. Siku hiyo wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha huku 106 wakiupinga, na waandamanaji, wengi wao vijana, wakavunja vizuizi na kuingia katika majengo ya Bunge. Watu waliuawa. Siku iliyofuata Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Kelele nyingi zilimwelekea yeye, na kwa haki, lakini mswada ule ulipita kwa sauti za watu waliochaguliwa mmoja mmoja katika maeneo bunge yao, siku ile ile ya Agosti 2022 ambayo mamilioni hawakujitokeza. Kabla ya uchaguzi huo IEBC ilikuwa imeripoti kwamba vijana waliosajiliwa walikuwa chini ya asilimia 40 ya wapiga kura wote, na kwamba idadi yao ilikuwa imepungua kuliko ya 2017.

Bunge ndilo pia hupitisha bajeti, huidhinisha mawaziri na huweza kumwondoa rais, kwa theluthi mbili ya kura katika Bunge la Taifa na kisha theluthi mbili katika Seneti. Mpiga kura aliyemchagua rais kwa shingo upande ana sababu ya kuwachagua mbunge na seneta wasiomwogopa rais huyo, hata kama ni wa chama kingine. Mtindo wa kupiga kura zote sita kwa rangi moja, unaohimizwa na vinara wa kila muungano katika kila kampeni, unawafaa zaidi vinara wenyewe.

Haya yote yanamhusu aliyesajiliwa pekee. IEBC ilianza tena usajili endelevu wa wapiga kura Septemba 29, 2025, na Mkenya aliyetimiza miaka 18 huhitaji kitambulisho cha kitaifa au pasipoti ambayo muda wake haujaisha. Aliyehama mtaa, kama walivyo wengi mijini, anaweza kuomba kuhamishiwa kituo kipya, mradi afanye hivyo kabla sajili haijafungwa kwa ajili ya uchaguzi.